Masasi na Newala: Tutembelee Kwetu



Kusini mwa Ufaransa kuna mji uitwao Carcassonne. Uko juu ya kilima, umezungukwa na kuta mbili za mawe zenye minara, na kila mwaka watu kutoka pembe zote za dunia wanapanda kilima hicho kwenda kuutazama. Ukiuona leo utadhani Wafaransa wameuenzi tangu enzi za mababu zao. Haikuwa hivyo. Kufikia katikati ya karne ya 19 jeshi lilikuwa limeshauondoa katika orodha ya ngome zake, watu walikuwa wakichomoa mawe ya ukuta kwenda kujengea kwingine, na serikali ikaridhia ubomolewe. Aliyeutetea ni mzaliwa wa mji huohuo, Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, mtu aliyekuwa akiandika historia ya kwao. Akapaza sauti mpaka ikasikika Paris, kwa Prosper Mérimée, mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria. Amri ikafutwa. Mwaka 1853 msanifu Eugène Viollet-le-Duc akaanza kazi ya kuzikarabati kuta, na mwaka 1997 UNESCO ikautia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia.

Nimeanza mbali hivyo kwa ajili ya yule mzaliwa wa mji. Kabla ya mtalii wa kwanza kufika na tiketi yake, alikuwepo mwenyeji aliyejua anakaa wapi, na aliyekuwa tayari kusema.

Huku kwetu kusini mwa Tanzania, mtu akitaka kuona mambo ya kale anaelekezwa pwani. Ataambiwa aende Kilwa Kisiwani akaone msikiti mkuu na Husuni Kubwa, au aende Mikindani akaone boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambalo limekarabatiwa likawa hoteli. Ushauri mzuri huo, na asiyefika Kilwa afanye hima. Lakini gari likishaiacha pwani kuelekea bara, wasafiri wanaanza kusinzia, kana kwamba historia imebaki ufukweni. Leo ninaomba tusisinzie. Twende Masasi, kisha tupande Newala, na tutembee kama watalii wanavyotembea Ufaransa: kwa kusimama, kutazama juu na kuuliza.

Mgeni anayeingia Masasi huiona milima kabla ya nyumba. Mtandi, Mkomaindo na wenzao ni majabali yaliyochomoza kwenye tambarare, kila moja peke yake, mawe matupu hadi kileleni. Chini ya majabali hayo, mwaka 1876, palitokea jambo ambalo kwa maoni yangu lingestahili kufundishwa katika kila shule ya nchi hii.

Mwaka huo Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA aliondoka Unguja na watu zaidi ya hamsini, wake kwa waume, waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Steere huyu ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ndiye pia aliyekusanya ngano za Waswahili akazichapa mwaka 1870. Nia yake ilikuwa kuwarudisha watu hao jirani na Ziwa Nyasa, upande ambako wengi wa watumwa wa Unguja walikuwa wametekwa. Wakatua Lindi, wakaanza safari ya miguu kuelekea magharibi.

Hebu iwaze safari hiyo. Mtu alishushwa pwani akiwa mtoto, amefungwa kamba au mti shingoni, hajui anakopelekwa. Sasa ni mtu mzima, anaipa bahari mgongo, hana kamba, na anazungumza Kiswahili alichojifunza Unguja, lugha ambayo pengine mama yake hakuwahi kuisikia. Walipofika chini ya milima ya Masasi waliona ardhi ina rutuba na maji yapo. Wakamwambia askofu: hapa panatosha. Hawakutaka kwenda mbele zaidi. Steere akakubali, viwanja vikagawiwa, mashamba yakafyekwa.

Wayao na Wamakua walikuwa wameshakaa katika nchi hii, na ndio waliowapokea wageni hao, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kabla ya hapo palikuwa pori tupu. Lakini mji wa misheni, ambao ndio kiini cha Masasi tunayoijua, mahali pake palichaguliwa na watu waliokuwa wamenunuliwa na kuuzwa. Dunia inaitaja Freetown ya Sierra Leone na Libreville ya Gabon kwa jambo la namna hiyo. Mombasa wanayo Freretown, iliyoanzishwa mwaka mmoja au miwili tu kabla ya Masasi. Masasi ni ndugu wa tumbo moja na miji hiyo, ila haitajwi pamoja nayo.

Amani haikudumu. Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliivamia misheni. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa, na wengine wakachukuliwa mateka. Wamisionari wakaingia katika mashauri ya kuwakomboa waliotekwa, na baadhi yao walipatikana. Watu waliokwisha kukombolewa mara moja wakahitaji kukombolewa tena! Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaifikia Masasi, misheni ikachomwa kwa mara ya pili, na wamisionari wakakimbilia pwani. Ukifika leo Mtandi, kwenye kanisa kuu la Anglikana, ukasimama kivulini na jabali likiwa limekuinamia kwa nyuma, ujue kwamba unaangalia kazi ya watu waliojenga, wakachomewa, wakajenga tena, wakachomewa, na bado hawakuhama moja kwa moja.

Na usiwatafute wazungu peke yao katika historia hiyo. Mtafute Cecil Majaliwa, mtoto aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa Unguja na kisha Canterbury huko Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni hiyo. Aliiongoza kazi ya Chitangali, huku kwetu, bila mmisionari wa Kizungu kukaa naye. Mtafute Che Barnaba Nakaam wa Chiwata, mwalimu wa misheni aliyekuwa pia mtawala wa watu wake. Hao ni watu wa kuwekewa vibao vya majina barabarani.

Dayosisi ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, alifanya jambo lililozungumzwa mbali sana na hapa. Wamisionari wengi wa wakati ule waliona jando na unyago ni mambo ya kupigwa marufuku. Lucas, tangu kabla hajawa askofu, alikaa na wazee na mapadre Waafrika, na jando likaingizwa ndani ya maisha ya kanisa: wavulana walikwenda porini kama baba zao walivyokwenda, wakiwa na padre pamoja na wazee wao. Wapo waliolisifu jambo hilo na wapo waliosema liliwanyang'anya wazee mamlaka yao. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, na ningependa siku moja mabishano hayo yafanyike tena palepale Mtandi, mbele ya vijana. Baadaye, kuanzia 1960 hadi 1968, kiti hichohicho kilikaliwa na Trevor Huddleston, padre aliyekuwa ameipinga serikali ya makaburu Afrika Kusini hadi jina lake likajulikana duniani kote. Pale Lulindi alifanya kazi Daktari Leader Stirling, aliyefika mwaka 1935, akawa raia wa nchi hii, na katika miaka ya 1970 akawa Waziri wetu wa Afya.

Tukiwa bado upande wa Masasi, msafiri asiipite Ndanda. Wabenedikto waliijenga misheni hiyo mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuangamizwa katika Maji Maji, na hospitali yao imewatibu watu wa kusini kwa vizazi vingi. Asiipite na Lupaso, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020. Mwenye macho makali atafute pia njia ya reli iliyokuja kutoka Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Ilifungwa mwaka 1962, kisha mataruma na vyuma vikang'olewa.

Sasa tupande Newala.

Barabara hii ni sehemu ya ile ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, ambayo lami yake imesubiriwa na vizazi viwili vya wakulima wa korosho. Gari linaunguruma, masikio yanaziba kidogo, mikorosho inazidi, na hewa inabadilika. Newala iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za mwezi wa saba utawaona watu wamejifunga makoti na vitenge mabegani.

Ukifika, nenda hadi ukingoni mwa mji, mahali paitwapo Shimo la Mungu. Ardhi inakatika mbele ya miguu yako. Chini ni bonde lote la Ruvuma, kijani kikififia kuwa buluu, na upande wa pili ni Msumbiji. Watu hupiga picha pale, wakaondoka. Ninaomba ukae kidogo ujiulize swali moja: kwa nini watu walijenga mji huku juu?

Jibu ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Karne ya 19 nchi ya Ruvuma ilipitwa na misafara ya watumwa na kuvamiwa na vikosi vya vita. Uwanda wa Makonde, pamoja na vichaka vyake vizito visivyopenyeka, ulikuwa maficho. Wamakonde walikaa humo, njia zao nyembamba zikijulikana na wao wenyewe. Che Matola wa kwanza, mtawala wa Kiyao, aliishika Newala, na Masasi ilipovamiwa mwaka 1882 misheni nayo ikahamia kwake. Mtu akisimama pale ukingoni anamwona adui angali mbali. Basi unaposimama Shimo la Mungu umesimama kwenye ukuta wa ngome, ila ukuta huu haukujengwa na fundi. Carcassonne walirundika mawe juu ya kilima, Newala walikuta kazi imeshafanywa.

Lakini usalama huo ulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa maji. Mchanga wa uwanda unainywa mvua yote, na chemchemi hutokea chini kabisa, mabondeni. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyetumwa kutoka Leipzig mwaka 1906, alikaa Newala majuma kadhaa na aliandika juu ya wanawake walioshuka genge lile kuchota maji na kupanda tena na mitungi. Weule alikuja na kinanda cha kunasia sauti na mashine ya kupiga picha za sinema, akanasa nyimbo na ngoma za huku, akabeba na vitu vingi kupeleka makumbusho ya Leipzig. Yaani, msikilizaji, sauti za watu wa huku zilinaswa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na anayetaka kuviona vyombo vya mababu zetu anaambiwa afunge safari ya Ujerumani. Jambo hilo linaniuma, na sitaki kulipamba.

Bibi zetu waliozaliwa kabla ya mradi wa maji wa Makonde, ule uliojengwa miaka ya 1950 kwa kupandisha maji kwa pampu kutoka bondeni, walizijua njia hizo kwa nyayo zao. Wapo wanaokumbuka saa ngapi mama alikuwa anaamka. Kwangu mimi njia hizo za maji ndizo alama kuu ya kale ya Newala, zaidi ya jengo lolote. Ingefyekwa moja ikapitika, mtalii akashuka na ndoo tupu na kupanda na iliyojaa, angeielewa Newala kuliko kwa kusoma kitabu kizima.

Maji hayohayo yaliamua hata vita vya wazungu. Pale mjini lipo boma la Wajerumani, ambalo limetumiwa na polisi kwa muda mrefu. Oktoba 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, jeshi la Wareno lilivuka Ruvuma likaiteka Newala. Wakajiona wamefika. Mwezi uliofuata Wajerumani na askari wao waliwazingira, wakawatenga na kisima chao kilichokuwa bondeni. Kabla Novemba haijaisha Wareno walikuwa wameshaliacha boma na kurudi ng'ambo. Ureno bado wanaitaja Newala katika vitabu vyao vya vita. Ni wanafunzi wangapi wa Newala wanaopita mbele ya boma lile kila asubuhi wakiwa wamewahi kusimuliwa habari hizo?

Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Wajerumani. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa, Oktoba 1917, Jenerali Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kupitia uwanda huu hadi Newala, akawaacha wagonjwa na majeruhi wake, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma pale Ngomano. Siku chache baadaye kikosi chake kingine, cha Kapteni Tafel, kilichokosa chakula, kilisalimu amri karibu na Newala. Nyuma ya kila bunduki katika vita hivyo walikuwepo wapagazi, watu waliokokotwa vijijini kubeba risasi na unga, na mashamba ya vijiji walimopita yaliachwa matupu. Jenerali ameandikiwa vitabu. Mpagazi wa Newala hana hata kibao.

Sasa nije kwenye sheria, maana mapenzi peke yake hayalindi jengo. Sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964. Ndani yake umo mwaka mmoja wenye uzito mkubwa: 1863. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo linalindwa na sheria moja kwa moja. Lililojengwa baadaye halilindwi mpaka Waziri mwenye dhamana alitangaze. Piga hesabu mwenyewe. Misheni ya Masasi ni ya 1876, imekosa kwa miaka 13. Boma la Newala, Ndanda, njia ya reli, vyote viko nje. Sheria hiyohiyo inaulinda mlango wa mbao wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940, nami nafurahi kwamba unalindwa, lakini mji mzima uliochaguliwa na watu waliotoka utumwani unasubiri tangazo.

Tangazo haliji lenyewe. Linaombwa, na wa kuliomba ni wenyeji: halmashauri ya mji wa Masasi na ya Newala, dayosisi, shule, maafisa utamaduni. Barua iende Idara ya Malikale ikiwa na picha, ramani na maelezo ya nani alijenga nini na lini. Ndiyo kazi aliyoifanya yule bwana wa Carcassonne.

Lipo na jambo la pili la kujifunza huko. Mwaka 1984 waziri wa utamaduni wa Ufaransa, Jack Lang, alianzisha siku ambayo majengo ya kihistoria hufungua milango kwa wananchi. Hufanyika wikendi ya tatu ya Septemba, na siku hizo mtu wa kawaida anaingia hata Ikulu ya Rais, nyumba ambayo siku nyingine anaishia kuiona getini. Nchi nyingi za Ulaya zimeiga.

Sisi tunaweza kuanza na Jumamosi moja. Iwe Agosti au Septemba mwanzoni, njia zikiwa kavu na minada ya korosho haijaanza, maana ikishaanza hakuna atakayekuwa na nafasi. Polisi wa Newala waombwe mapema, ili watu waingie uani mwa boma kwa utaratibu na mwalimu wa historia asimulie habari za 1916. Mtandi padre na mzee mmoja wa Kiyao wasimame pamoja, kila mmoja aseme upande wake. Shimo la Mungu wawepo bibi wawili watatu waliowahi kuchota maji bondeni, wakalie viti, wapewe kipaza sauti na posho yao kamili, kwa sababu wao ndio wataalamu wa siku hiyo. Mama ntilie wapike ming'oko. Wenye Noah na bodaboda wapange nauli inayojulikana ya kutoka Masasi hadi Newala na kurudi. Hayo yote hayahitaji mfadhili kutoka nje.

Mwaka 2026 ndio wa 150 tangu Steere na wenzake watue chini ya Mtandi. Ni mwaka unaofaa sana kwa kuanza, na hata ukipita, Agosti nyingine ipo.

Wakati huo ukisubiriwa, kuna kazi inayoweza kufanyika jioni hii. Kama katika ukoo wenu kuna babu aliyebebeshwa mizigo katika vita vya 1917, au bibi aliyetoka Unguja na watu wa misheni, au mtu aliyefanya kazi kwenye reli ya Nachingwea, muulize mzee aliye hai anachokijua. Andika jina, kijiji, na alichokifanya, hata kama ni mistari mitatu, kisha nakala yake mpelekee mwalimu wa historia wa sekondari iliyo karibu nawe.